Vyombo vya Watu Ndani ya Stoo Yetu

Mwanangu Nasra,

Asalaam alaykum. Mimi mzima, na wewe nimekuona mzima leo asubuhi ulipotoka kwenda Makunduchi kuwaaga jamaa wa baba'ko kabla ya safari yako ya kesho, kwa hiyo habari za hali tuzipite. Nimeshaswali Maghrib, baba'ko yuko msikitini anangoja Isha, nami nimekaa chini hapa ukumbini, mahali ambapo wiki iliyopita mtu asingepata pa kuweka mguu kwa masufuria. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, nje, si ndani. Nakujua. Kitu kikishatiwa ndani ya kitu, kwako hakipo tena.

Sitakuandikia habari za kula ukashiba, na kufunga mlango, na kumpigia simu baba'ko kila Ijumaa. Hayo nshakwambia mpaka umenambia, "Mama, basi, nshasikia." Nami nilisoma mpaka kidato cha pili tu, sina maneno ya kitabuni, ingawa mwandiko wangu mwalimu alikuwa akiwaonesha wenzangu na kuwaambia andikeni kama huyu. Unaona mwenyewe mistari ilivyonyooka bila ya rula.

Watu wananiuliza njiani, "Bi Asha, mwanao anakwenda Tanga kufanya nini?" Wanajua. Wanataka nitamke. Nami natamka: anakwenda hospitali, kutazama damu za watu kwa hadubini, na ni yeye atakayemwambia daktari huyu anaumwa nini, maana daktari bila ya mpimaji anabahatisha tu. Sijui kama ndivyo hasa, lakini wakisikia hivyo wananyamaza.

Ninalotaka kuandika ni habari ya stoo.

Ulikuwapo siku fundi Makame alipokuja kutazama ufa wa dari chumbani kwetu. Alipanda juu ya kigoda, akaigonga boriti kwa mpini wa nyundo, akaweka sikio, akagonga tena. Halafu akauliza, "Bi Asha, hapo juu pana nini?"

"Stoo."

"Stoo ya nyumba au stoo ya bandarini?"

"Vyombo vyangu tu."

"Vyombo gani hivyo, mama'ngu? Boriti inalia. Nyumba hii wazee waliijenga kwa mawe na chokaa, wakaipigia hesabu ya watu na vitanda. Hawakukupigia hesabu weye."

Wewe ulicheka mpaka ukakaa kwenye ngazi. Mimi sikucheka. Nilimwambia vyombo vyangu vimekaa juu hapo tangu naolewa na havijamuua mtu. Akasema, "Havijaua bado. Toeni mzigo, ndipo mniite. Mie siingii chini ya mzigo ule, nina watoto wanaonitegemea." Akachukua nyundo yake akenda zake. Nilijua anasema kweli. Kila nikiamka nilikuwa nakuta chokaa imedondoka juu ya chandarua kama unga, naifuta kabla baba'ko hajaiona.

Basi tukatoa. Siku tatu, mimi na wewe, na likizo yako ya mwisho ikaishia humo.

Nakiri kwamba siku ya kwanza nilijivuna. Nilitaka uone mama'ko alivyohifadhi. Hakuna kitu kilichokuwa wazi mle ndani. Sufuria ndani ya sufuria, sufuria ndani ya karai, karai ndani ya gunia, gunia limeshonwa mdomo kwa sindano ya kushonea mikeka. Vikombe vyangu vya arusi, kumi na viwili na visahani vyake, kila kimoja kimevishwa gazeti. Nilikwambia, "Nionyeshe nyumba nyengine mjini hapa yenye seti iliyotimia." Ukaniuliza, "Umenywea mara ngapi, mama?" Nikakwambia hivyo ni vya mgeni. "Mgeni gani?" Nikafikiri. Miaka yote hiyo nilikuwa nikimngoja mgeni ambaye hata jina lake silijui, na waliokuja niliwanywesha kwa vikombe vya bati kwa sababu hawakufika kiwango chake. Jioni ile ukatia chai humo. Baba'ko akanywa, akageuza kikombe akatazama chini yake, akasema, "Chai ni ile ile."

Zile doti za kanga nazo uliziona. Mpya, hazijaguswa na maji, nimezitia karafuu na asumini kavu katikati. Ulipoikunjua ile nyekundu ikakatika palepale kwenye mkunjo, vipande vinne, kama aliyepima kwa mkasi. Nguo ikikaa mkunjo mmoja miaka mingi huoza kwenye mstari. Hilo mama yangu hakunifundisha, kwa sababu yeye alikuwa na kanga sita tu na zote alizivaa.

Siku ya pili ndipo tulipogombana. Wewe ulitaka kila kitu kitandazwe sakafuni, kionekane. Mimi nilitaka tutoe kimoja, tukiamulie, tukifunike, ndipo tushike chengine. Ulinambia, "Mama, nisipokiona siwezi kukifikiria." Nikakujibu vibaya. Nilikwambia ndiyo maana chumba chako miaka yote kimekuwa kama meza ya sokoni Darajani: mikoba kwenye misumari, vitabu kwenye shubaka la ukutani, ufunguo umening'inia kwa kamba mlangoni, sindano imechomekwa kwenye pazia. Ukaendelea kutandaza.

Nimekaa nikalifikiri lile neno lako la "nisipokiona" baada ya hapo, na sasa nakwambia nilichokiona, ulichukue ukiona kinakufaa. Sisi watu watatu nyumbani humu tuna namna tatu za kuweka vitu. Baba'ko ana msumari mmoja nyuma ya mlango. Kofia, ufunguo, tasbihi, mwamvuli, vyote pale, na kisichoenea kwenye msumari ule si chake. Hajawahi kupoteza kitu, wala hajawahi kumiliki kitu. Mimi ni mtu wa kuficha. Nikifunika, moyo unatulia, na ukishatulia nasahau. Stoo yangu ilikuwa safi, aliyefungua mlango alisifu, na mimi mwenyewe sikuwa najua kilichomo. Wewe ni mtu wa kuona. Chumba chako kinatisha, lakini sikumbuki hata siku moja umesimama katikati yake ukauliza kitu fulani kiko wapi. Mimi kila siku nauliza. Miaka ishirini na mitano nimekufundisha kuficha kama mimi, na kila nilipokutilia vitu vyako sandukuni ulikuja ukaniuliza, "Mama, umeniwekea wapi?" nami nikajibu kwa fahari, "Mahali pazuri."

Huko Tanga utapewa chumba kimoja. Piga misumari. Mwenye nyumba akikataa, nunua kamba.

Sasa nakuja kwenye lile ambalo tumelinyamazia tangu siku ya tatu.

Katika stoo yangu mlikuwa na vyombo thelathini na kimoja ambavyo si vyetu. Wewe ndiye uliyehesabu. Mabakuli, makombe, hotipoti mbili, sinia lenye jina la mtu limekwaruzwa kwa msumari, kawa la ukili la kufunikia chakula, lililoliwa na mende. Ulivipanga kando ya ukuta, ukaniuliza hivi vya nani, nami nikawa natazama dirishani.

Si wizi, mwanangu, na wala sikusudii kujitetea. Unajua desturi yetu: chombo cha mtu hakirudi kitupu. Jirani kakuletea futari, utie chochote ulichojaaliwa ndipo umrudishie. Watu wengine hutia hata tende tatu, hata vitumbua viwili, mambo yakesha. Mimi sikuwa mtu wa tende tatu. Mkate wangu wa kumimina unajulikana mpaka mtaa wa Malindi, mtu akiniletea tambi, mimi nataka kumrudishia kitu ambacho akifunua atasema, "Loo, huyu Bi Asha!" Basi nasema nitangoja siku ya biriani. Nyama haikupatikana wiki ile. Nasema Sikukuu basi. Sikukuu wageni wamejaa. Nasema akioa fulani, nitampelekea pilau ya arusi. Na chombo, maana ni cha mtu na ni amana, nakikosha vizuri, nakifunga, nakipandisha juu kisivunjike. Ndivyo nilivyowadhulumu majirani zangu kwa ukarimu ambao sikuufanya.

Bakuli la Bi Zuwena lilikuwa ndani ya hotipoti, hotipoti ndani ya karai, limefungwa kwa kanga kuukuu. Wewe ndiye uliyelifungua. Nyeupe, lenye maua ya buluu ukingoni. Ulilitazama, ukanitazama. Mimi nikasema kitu juu ya pweza mkavu wa kukufungia safari. Ukaenda kulikosha, ukaliweka dirishani, na mpaka leo hujasema neno.

Ulikuwa na miaka tisa. Pengine unadhani nimesahau, kwa jinsi nilivyonyamaza. Sikusahau.

Bi Zuwena, huyu huyu wa mlango wa mbele yetu, alikuwa na mabakuli sita ya arusi ya mama'ke. Ramadhani moja akatuletea tambi za nazi katika moja lao. Baada ya Sikukuu akawa na hitima, kisomo cha kumrehemu huyo mama'ke, akataka yote sita yakae mkekani siku hiyo. Akaja akasimama kichochoroni, mimi niko dirishani juu.

"Bi Asha, lile bakuli langu, nnalitaka kwa kesho."

"Nshakurudishia zamani, shoga'ngu."

"Hukunirudishia."

"Nlikuletea. Nlimtuma Nasra."

Na hapo, mwanangu, sikuwa nasema uongo ninaoujua. Nilikuwa na yakini. Nilijiona mimi si mtu wa kukaa na kitu cha mtu, kwa hiyo lazima nilirudisha, na kama nilirudisha, nani mwengine ningemtuma? Hivyo ndivyo mtu anavyojidanganya akishajisifu sana. Nikakuita. Ukaitika naam, ukateremka mbio na daftari lako la skuli mkononi, nami nikateremka nyuma yako. Nikakuuliza mbele ya Bi Zuwena, na mbele ya wanawake waliokaa barazani, na mbele ya muuza urojo na wateja wake, bakuli umelifanya nini. Ukasema, "Hukunipa, mama." Ukasema mara mbili. Nikakushika sikio, nikakwambia kwa sauti ambayo hata wa mtaa wa pili aliisikia, "Mtoto huyu kila anachoshika kinapotea!"

Bi Zuwena akasema, "Muache. Bakuli ni udongo." Akaingia kwake. Ramadhani iliyofuata hakukuja chombo kutoka mlango ule wala hakukwenda. Salamu zikabaki, za mdomo.

Neno langu likabaki zaidi ya salamu. Usimpe Nasra, atapoteza. Shangazi zako wakalisema, binamu zako wakalisema, nami nikacheka nao. Arusi ya binti wa shangazi yako wasichana wote walipewa masinia ya maua wayabebe, wewe ukaambiwa ukae na viatu vya watu mlangoni. Nilikuona umekaa na viatu vile, umevipanga kila jozi na mwenzake, na hakikupotea hata kimoja. Nilikuona, nikapita.

Ni baada ya hapo ndipo vitu vyako vilipoanza kukaa nje, kwenye misumari. Sijui kama ulizaliwa mtu wa kuona au ulitaka sote tuone kwamba hukupoteza. Hilo siwezi kukuamulia. Nimekwambia piga misumari, lakini kama siku moja utaona unachoka navyo vyote kukutazama, vifiche tu. Hakuna atakayekuuliza.

Leo ulipoondoka nililichukua lile bakuli nikaliweka mezani. Nikarowesha mchele wa mkate. Nilisema nitapika mkate wa kumimina ambao Zuwena hajapata kuuona, wenye hiliki ya kutosha na ufuta juu, niutie humo, nimpelekee. Mchele ukarowa. Nikaanza kutafuta lile sufuria langu lenye mfuniko mzito, likawa liko katika vile vya stoo tulivyompa mke wa fundi Makame. Nikasema basi nitangoja mpaka kesho jioni nipate jengine. Na nilipojisikia nasema "nitangoja," nikakaa kitako.

Kesho jioni wewe hupo.

Baada ya Alasiri nikajifunga kanga nikateremka na bakuli mkononi, tupu, halikufunikwa. Nimeishi mtaa huu tangu nimeolewa, na sijapata kupita kichochoroni na chombo cha mtu kikiwa wazi na hakina kitu. Walikuwapo barazani wanne: Bi Zuwena na wakwe zake wawili, na yule mama anayeshona makofia pale pembeni. Wakageuka wote kulitazama bakuli.

Nikasema, "Zuwena, nimekuletea bakuli lako."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akachungulia ndani. "Tupu?"

"Tupu."

"Bi Asha wa mikate, bakuli tupu! Miaka kumi na sita tambi zangu zinangoja jawabu." Wakwe zake wakacheka, na mimi ningecheka kama ningeweza.

Nikasema, "Nisikilizeni nyote. Nlilitia mwenyewe stoo, nkalisahau. Nasra hakupewa, hakulishika, hakulipoteza. Nlimsingizia mwanangu."

Bi Zuwena hakushtuka hata kidogo. Alikuwa akipitisha kidole kwenye maua ya ukingoni. Akasema, "Nalijua."

"Ulijua nini?"

"Nlijua si yeye. Siku ile ile, kabla ya Maghrib, alibisha hodi kwangu. Ana bakuli la plastiki mkononi, la kijani, ndani kaweka ndizi moja. Akanambia, 'Mama Zuwena, chukua langu, mama yangu asije akakasirikiwa.' Mtoto aliyepoteza hafanyi hivyo, Asha. Aliyepoteza hujificha."

Bakuli lile la kijani ndilo ulilokuwa ukilia uji. Nilijua lilitoweka, na hilo pia nikalihesabu katika vitu ulivyopoteza.

"Mbona hukunambia?" nikamuuliza.

"Ungenisikia? Wewe siku ile ulikuwa dirishani juu, mie niko chini." Halafu akasema, "Na mie sikukununia kwa bakuli. Nlikununia kwa lile sikio."

Akaingia ndani, nikadhani ameniacha pale. Akatoka nalo. Amelitunza, Nasra, la kijani, limepauka. Akasema alilitumia miaka yote kuchotea mchele, na ndizi aliila kwa sababu mtoto akikupa kitu huwezi kumrudishia. Sikulichukua. Nilimwambia ni lake, alipewa na mwenyewe. Kesho atakuja bandarini, amesema, kwa sababu na yeye ana haki ya kukuaga.

Hayo ndiyo yaliyokuwa leo. Sikwambii unisamehe. Ukisamehe ni hiari yako, na usipoweza haraka, chukua muda wako. Mimi nimejipa miaka kumi na sita.

Lakini liko jambo moja ambalo nimeliona nilipokuwa napanda ngazi kurudi. Leo walinisikia watu wanne. Siku ile walinisikia mtaa mzima. Yule muuza urojo amehama, sijui yuko wapi. Wawili katika waliokaa barazani wamefariki, Mungu awarehemu, wamekwenda wakijua mtoto wa Asha ni mpotezaji. Shangazi zako nitawapitia mmoja mmoja nyumbani kwao, nimeshampigia mkubwa wao simu na ameniambia, "Kwani hilo nalo lina nini, si mambo ya zamani?" Nikamwambia lina kitu, na nitakuja kulisema mbele ya wanao. Hao nitawafikia. Wengine siwezi kuwafikia tena, na hilo ni deni langu nitakaloondoka nalo.

Kwa hiyo nimeandika. Barua za mama kwa mwanawe watu huzificha, hii usiifiche. Mwandiko ni mzuri, unasomeka. Akitokea mtu yeyote, awe wa ukoo au mgeni, akakwambia wewe ni mtu wa kupoteza vitu, usijibizane naye. Mpe asome, na mwambie aliyeandika ni huyu hapa chini, yuko hai, mlango wake unajulikana.

Mimi, Asha binti Khamis, mama'ke Nasra.
Nililipoteza mimi.